Sahani ya Peke Yangu

Mkasi wangu ulichukuliwa Jumatatu asubuhi, kabla hata sijamaliza kunyunyiza maji mlangoni. Nilikuwa nakata vitambaa vya mapazia katika duka lile la Kariakoo tangu sina hata ndevu za kusingizia. Kwa mkasi ule nimevalisha madirisha ya nusu ya nchi hii, na nusu iliyobaki ni ile isiyo na madirisha. Mpaka leo nikipita mtaani nikaona pazia linapepea, lazima nitazame ncha yake. Ikiwa imenyooka naapa ni mkono wangu, na hakuna aliyewahi kunithibitishia vinginevyo.

Aliyeuchukua ni binti wa mwenye duka. Mwenye duka mwenyewe sote tulimwita Ami, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa ghorofani, juu ya duka hilohilo, na aliyekuwa akiishi hukohuko na mkewe. Ami ndiye aliyeniajiri. Ndiye aliyeniruhusu kutoka mapema miaka yote ile niliyokuwa nasoma masomo ya jioni, na nilipofaulu kidato cha nne alinunulia soda mtaa mzima. Kwa vipimo vyangu mtaa mzima ni maduka mawili na mwenye mkokoteni aliyekuwa anapita.

Binti yake tulimjua wa salamu tu. Alikuwa akifanya kazi ofisi za mjini, anakuja Ijumaa kuwaona wazazi, anapanda ngazi. Jumatatu ile nikamkuta amesimama nyuma ya meza yangu ya kukatia, mkasi uko mkononi mwake.

"Kaka, kuanzia leo mezani atakaa Mangi," akaniambia. "Wewe utakaa pale mlangoni, kwenye kiti cha baba."

Nikamuuliza kuna nini. Akasema baba ndiye aliyesema. Nikamuuliza baba yuko wapi, akasema yuko juu, anapumzika. Akaniachia kiti, akaenda kujibu simu, na mimi nikabaki nimesimama na ndoo ya maji kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Sasa nieleze kwa nini maneno yale machache yalinitoa jasho. Kwanza, Ami alikuwa hapumziki. Duka likifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kufukiza ubani na wa mwisho kushuka kwenye kiti kile. Akiwa na homa alikuwa anakaa na homa yake palepale, anaikaribisha kama mteja. Pili, Mangi alikuwa mtu wa stoo. Mangi ni jina ambalo jiji hili humpa kila mwanamume aliyetoka Kilimanjaro akajua bei ya kitu, na huyu wetu alijua kila jora lilipolala, lakini mkasi alikuwa hajawahi kuushika. Pazia lake la kwanza lilitoka kama mlima wa kwao, upande mmoja kileleni, upande wa pili umeshateremka Moshi mjini. Kwa hiyo nikajiuliza: nani anayemtoa mkataji mezani na kumweka asiyejua kukata? Ni yule ambaye shida yake si kukata. Shida yake ni mkataji.

Na kiti cha mlangoni kilikuwa na maana gani kama si kuwa karibu na kutoka?

Siku ya pili akaja fundi na ngazi, akafunga kamera juu ya mlango. Yule binti, niliyemwita dada, akasema ni kwa ajili ya wezi. Nikaitazama, nayo ikanitazama. Ilikuwa imeelekezwa barabarani, lakini mimi nikikaa kwenye kile kiti kisogo changu kilikuwa katikati yake, na niliamini kabisa kwamba kuna mtu mahali fulani amekaa na chai anachunguza kisogo changu. Nilianza kukaa kwa adabu hata nyuma.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichonivunja ni chakula cha mchana.

Katika duka lile tulikula sinia moja. Mke wa Ami alikuwa akipika juu, sinia linashushwa limefunikwa kawa, tunatandika mkeka nyuma ya majora, tunakaa watatu: Ami, Mangi na mimi. Wali, mchuzi wa samaki, kachumbari, ndizi mbivu pembeni. Ami mwenyewe ndiye aliyekuwa akichambua samaki na kutusogezea minofu, wewe unaona tu mbele yako kilima kinakua. Maduka mengine wafanyakazi walikula chipsi za barabarani wamesimama. Sisi tulikaa na tajiri chombo kimoja, na nikisema hili lilinipa kiburi sitakuwa nimetia chumvi.

Lakini sinia lile lilikuwa na upande wa pili. Ami hakuwa anamfukuza mtu kwa makelele, na hakuwa anamfukuza mtu mwenye njaa. Nilishuhudia mwenyewe. Kulikuwa na mwenzetu mmoja zamani aliyekuwa akiwapimia ndugu zake mita ndefu kuliko mita za watu wengine. Ilipojulikana, siku ile chakula chake kilishuka kwenye sahani, peke yake. Ami akamngoja amalize, akanawe, ndipo akamwambia nenda salama, tusameheane. Baadaye tulipomuuliza ile sahani ilikuwa ya nini, akatujibu, "Mimi siwezi kula chombo kimoja na mtu ninayemficha jambo." Akaja mwingine, wa maneno maneno na wateja, naye ikawa vilevile: sahani, maji ya kunawa, nenda salama. Tangu hapo kwetu sahani ilikuwa ndiyo barua. Tulikuwa hata tunataniana, mtu akikosea hesabu unamwambia, nakuombea sahani.

Basi mchana ule wa Jumatatu nilikaa mlangoni nangoja kuitwa kwenye mkeka. Badala yake dada akaja na sahani imefunikwa, akaiweka juu ya kigoda mbele yangu, akasema karibu, kaka.

Nilikula. Sijui nilikula nini. Kila tonge nilikuwa nasikiliza ngazi, nikingoja mzee ashuke kuniambia tusameheane. Hakushuka. Nikanawa polepole kama daktari anayejiandaa kupasua mtu, ili nimpe nafasi. Hakushuka. Kesho yake sahani ikaja tena, na kesho yake tena, na hapo ndipo mateso yakawa mapya kabisa, kwa sababu wale wenzangu walipewa sahani moja wakajua moja. Mimi nilikuwa nafukuzwa kila mchana na kila asubuhi narudi.

Mtu akiwa katika hali hiyo anakuwa polisi. Nilianza na Mangi. Yeye sahani sikuiona mbele yake. Ikifika saa ya kula alikuwa anapotelea nyuma, ziliko ngazi, nami nikapiga picha kichwani: yuko juu na Ami, wamekaa kwenye sinia, anasogezewa minofu yangu. Alikuwa ameacha kunitania. Zamani asubuhi haikupita bila kuniuliza kama nyumba yangu ya Magomeni bado iko au mvua imeihamishia baharini. Sasa ananiambia "mambo" na kuinamisha uso kwenye kitambaa. Nikiingia stoo, anashusha simu. Mara moja nilimkuta anaongea Kichaga, chini chini, na katikati ya Kichaga kile nikasikia neno "duka" limepita limevaa kanzu ya Kiswahili. Nikajiambia, huyu amenichoma. Amenichoma kwa bosi, na sasa anawapigia ndugu simu wafurahi pamoja.

Amenichoma kwa kosa gani? Hapo ndipo nilipata kazi. Nilijipekua maisha yangu yote ya mezani kama askari anayepekua begi. Nilikumbuka vipande vya vitambaa nilivyowapa mafundi cherehani wafanyie viraka, na utani niliomtania mteja mmoja mnene kuhusu pazia la ukumbini. Kila nilichokumbuka kilitosha kunifunga maisha.

Mbele za watu nilicheka zaidi. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nayo. Sauti yangu ya kukaribisha wateja ilikuwa siku zote inafika Mnazi Mmoja, lakini wiki ile nadhani Kigamboni walikuwa wanafunga madirisha. Nilimwita kila mama bosi, kila kijana mheshimiwa. Jioni nikitoka sikupanda gari. Nilishuka Jangwani kwa miguu, bondeni pale kwenye tope lililokauka na uwanja wa vijana wanaopiga mpira, na huko ndiko nilikonyamaza. Nilikuwa nanyamaza mpaka Magomeni.

Mke wangu aliniona siku ya kwanza tu. Nilimweleza kila kitu, na kamera, na Kichaga. Alinisikiliza huku anachagua mchele, halafu akaniuliza swali moja, namwogopa Ami au naogopa jibu. Nikamwambia haelewi mambo ya Kariakoo. Akasema haya, akaendelea na mchele.

Siku moja kabla ya Ijumaa, mambo yakapanda daraja. Ng'ambo ya mtaa kulikuwa na mama mwenye duka la mapazia kama letu, mshindani wetu mkubwa, mwanamke wa kupenda watu na kupenda zaidi habari zao. Alivuka kama anayekwenda kununua maji, akasimama pembeni ya kiti changu.

"Mwanangu, nasikia kwenu kuna mabadiliko," akasema bila kunitazama. "Meza yangu haina mkataji. Unipe jibu Jumamosi."

Akanunua maji yake, akarudi. Kazi ilikuwa ya uhakika, na mshahara, alinidokeza kwa mtu baadaye, mzuri kuliko wangu. Ningepaswa kufurahi. Lakini mimi nilibaki na jambo moja tu: amesikia kwa nani? Na yeye ni mtu wa Kilimanjaro. Na Mangi ni mtu wa Kilimanjaro. Nikaunganisha nukta zangu mpaka nikapata ramani nzima ya fitina, yenye mito na barabara. Wananitoa huku, wananipokea kule, Mangi anabaki na meza. Kitu pekee ambacho ramani haikueleza ni Ami mwenyewe. Hata siku moja hakushuka, wala kunitazama machoni, na kila nilipofikiri hilo nilijikuta nageukia ngazi. Fitina ya Mangi ningeizoea. Kwamba mzee yule ameniondoa moyoni bila neno, hapana.

Ijumaa tulifunga duka kwa ajili ya sala kama kawaida. Miaka yote nilitoka na Ami, yeye na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake, tunatembea taratibu kwenda msikitini huku anaamkiwa kila hatua. Siku hiyo nilitoka peke yangu. Ami hakwenda Ijumaa. Nilisali, Mungu anisamehe, na akili yangu yote iko kwenye ngazi za duka. Imamu alipotoa salamu nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Na pale stoo, juu ya robota la vitambaa, nikamkuta Mangi amekaa na sahani magotini. Peke yake. Na kawa pembeni, kama lile langu.

"Kumbe na wewe?" nikasema.

"Na mimi nini?"

"Sahani."

Akaiweka chini. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri, na nilijua macho hayo, nilikuwa nayaona kila asubuhi kwenye kioo nikinyoa.

"Sahani hii si umeniletea wewe?" akasema. "Umekalia kiti cha mzee, unacheka mtaa mzima, halafu unakuja kuniuliza sahani. Mimi nimeshamwambia kaka yangu anitafutie kazi Moshi. Uniache nile."

Nikamwambia mimi ndiye niliyechomwa, na aliyenichoma ni yeye. Akasema aliyechomwa ni yeye, stoo imechukuliwa, amepewa mkasi makusudi ili aharibu vitambaa apate kufukuzwa kwa sababu. Tukatupiana lawama pale kwa sauti ya chini, kila mmoja akiwa na ushahidi wake, na ushahidi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kicheko changu tu kilimtosha kunifunga. Mpaka akaniuliza, "Sasa kama wewe umenichoma mimi, na mimi nimekuchoma wewe, mwenzetu anayekula sinia na Ami ni nani?"

Tukatazama dari, wote wawili, kwa wakati mmoja.

Dada alitukuta katikati ya ngazi. Akasema baba amelala. Tukasimama tu, hatukupanda wala kushuka, na yeye akasimama, na nadhani tungekuwa pale mpaka leo kama sauti isingetoka ndani kusema, "Waache."

Sauti ilikuwa ya Ami, lakini ilikuwa nzito upande mmoja, kama mtu anayeongea huku ameuma kitu.

Alikuwa amekaa kwenye godoro la sebuleni, mkewe pembeni. Mbele yake kulikuwa na sahani na kijiko. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama si wake. Kijiko alikuwa amekishika kwa kushoto, na alipotuona hakujua akiweke wapi. Mzee yule, aliyekuwa akimpiga jicho mtoto wa mgeni akigusa chakula kwa mkono wa kushoto. Tukamwamkia, akaitikia marahaba akiwa ameangalia ukuta.

Kiharusi kilikuwa kimempata Jumapili. Kidogo, daktari alisema, na mkono utarudi. Leo naweza kuandika haya kwa sababu mtaa wote umeshamwona akishuka na fimbo yake, lakini wakati ule ilikuwa siri ya nyumba. Ami alikuwa akichukua majora kwa waagizaji wakubwa kwa mali kauli, yaani kwa neno lake tu, uza kisha ulete. Wakisikia mwenye neno ameanguka, mzigo ungesimama, na duka lingekauka kabla mkono haujapona.

"Nilisema siku zote siwezi kula chombo kimoja na mtu ninayemficha jambo," akasema Ami, polepole, kila neno analinyanyua. "Nilikuwa nawaficha mkono."

Mangi alianza kulia, bila sauti, jitu zima lenye mabega ya kubeba robota. Mimi nilitaka kulia lakini kwanza nilikuwa na swali langu, na sikulimeza.

"Ami, mimi ungeniambia. Mimi?"

Kwa mara ya kwanza akanitazama. Upande mmoja wa uso wake ukacheka.

"Wewe? Ningekwambia mkono, jioni ningekuwa nimeshazikwa Kisutu."

Mkewe akaziba mdomo na mtandio. Hata Mangi alicheka kwenye machozi yake. Nami nilicheka, lakini neno lile lilinichoma kuliko mkasi, kuliko kamera. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa. Kulikuwa na asiyeaminiwa dukani, na alikuwa mimi. Si kwa wizi wala kwa fitina, kwa mdomo tu. Na mdomo huohuo ndio uliowekwa mlangoni, Ami akaeleza, kwa sababu mteja akikuta kelele zangu hataona haraka kwamba kiti kina mtu mwingine, na Mangi hana kelele, na binti yake hajui wateja. Alikuwa amenipangia kazi ya kumficha bila kuniambia ninachoficha. Nilifikiria hilo wakati nashuka, na sikujua kama nimeheshimiwa au nimetumiwa. Bado sijui vizuri. Kuhusu kesho ya duka hakuahidi kitu. Alisema binti ataamua, na nyakati zimebadilika.

Jumamosi mama wa ng'ambo akavuka kuchukua jibu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Ahsante, mama, lakini nabaki." Basi.

Hakuondoka. Akaniangalia kama kitambaa anachokitilia shaka rangi.

"Wewe ukiulizwa saa unasimulia mpaka ilivyotengenezwa," akasema. "Leo una maneno mafupi hivi? Kuna kitu mnaficha humo ndani."

Hapo nikatambua kwamba ukimya wangu ndio utakaomuua Ami. Nikashusha pumzi, nikafungua mdomo, na Mungu akanijalia. Nikamwambia Ami ameenda Maskati, hataki watu wajue. Ameitwa na binamu yake mwenye viwanda, anachagua mapazia yasiyopitisha jua wala kelele wala umbea, yanakuja makontena mpaka bandari itaomba likizo. Kamera ni ya kuulinda mzigo huo. Mangi yuko mezani anajifunza, maana mkataji mmoja hatatosha, tutahitaji kumi, na kama ana ndugu asiye na kazi amlete. Nikaongeza na ngamia, sikumbuki kwa nini.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa umekuwa wewe," akasema, na mabega yangu yakashuka.

Lakini alipogeuka kuondoka alisimama kidogo katikati ya mtaa, wabeba mizigo wakimkwepa huku na huku, akatazama juu kwenye madirisha ya ghorofa yetu, yaliyokuwa yamefungwa adhuhuri ile ya jua kali. Alitazama muda mrefu. Kisha akanigeukia, uso wake mtulivu kabisa.

"Umpe pole zangu Ami," akasema. "Huko Maskati."

Nikamwambia zitafika.